Mlango Unaotazama Ubwari

Picha nyingi za Fizi na Baraka, huku kwetu Kivu Kusini, Kongo, zilizosambaa duniani zimepigwa katikati ya mchana, na sababu yake ni ratiba ya magari. Mgeni mwenye kamera huondoka Uvira asubuhi, huvuka mito na vizuizi, hufika Baraka jua likiwa limeshapanda, na dereva wake ameshaagizwa kwamba giza lisiwakute barabarani. Zinazobaki ni saa tano, saa sita, saa saba. Watu hukusanywa uwanjani, mbele ya kisima au bango, na picha inapigwa. Mapaji yanang'aa, macho yametumbukia gizani, kivuli cha pua kimeangukia mdomo. Atakayeitazama akiwa Geneva ataona watu wenye majonzi. Baadhi yao walikuwa nayo kweli. Wengine walikuwa wamekunja uso kwa jua.

Siwalaumu sana wageni hao. Wametumia saa waliyopewa. Lakini wamenifanya niamini kwamba uso wa mtu pichani ni suala la saa kabla ya kuwa suala la kamera. Nuru nzuri ya Baraka ni ya aliyelala Baraka.

Mji wetu uko nyuzi nne hivi kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri hupita juu ya utosi barabara, na kivuli cha mtu hukusanyika chini ya miguu yake. Miezi mingine halipotoki mbali. Tena jua la huku hupanda wima: likishachomoza halina muda wa kuzembea karibu na upeo wa macho, jinsi linavyofanya kule Ulaya ambako wapiga picha hupewa saa nzima nzima za nuru iliyolala. Sisi tunapata kipande cha asubuhi na kipande cha jioni, na hicho cha jioni hukatwa na milima. Magharibi ya mji ardhi inapanda kwenda Fizi na, mbali zaidi, Itombwe. Jua hujificha huko mapema, mji ukabaki kivulini wakati maji ya Ziwa Tanganyika bado yanametameta. Mashariki, ng'ambo ya ghuba, imelala rasi ya Ubwari. Richard Burton alipopita mwaka 1858 akielekea Uvira aliidhani kisiwa, na ghuba ikabaki na jina lake. Jua letu huchomoza kila siku nyuma ya kosa hilo.

Huko juu Fizi penyewe ni habari nyingine. Asubuhi za mvua ukungu hushuka hadi kwenye migomba, na nuru inakuwa haina upande. Inatoka kila mahali kwa wakati mmoja. Uso uliopigwa pale unatoka laini bila kazi yoyote, na kwa sababu hiyo hiyo nyuso zote zinatoka zinafanana. Nuru isiyo na upande haimchagui mtu. Mimi napendelea Baraka, penye mlango.

Nyumba ninayojipigia picha ni ya matofali ya udongo, bati juu, mlango mmoja unaotazama ziwa na dirisha dogo la mbao. Dirisha nalifunga. Likiwa wazi kunakuwa na nuru mbili zinazogombana, na pua moja inapata vivuli viwili. Taa nayo huzimwa: balbu ya sola ina weupe wa kibuluu, nuru ya asubuhi ina umanjano, na simu haijui ifuate ipi. Kwa hiyo kupanga nuru kwangu huanza kwa kufunga na kuzima.

Kisha natundika chandarua mlangoni. Jua la saa kumi na mbili na nusu likiingia moja kwa moja ni kali kuliko linavyoonekana kwa macho. Linachora mpaka mkali kati ya shavu lililopata na shavu lililokosa. Likipita kwenye chandarua cheupe kilichokunjwa mara kadhaa, linatawanyika, na mlango mzima unageuka kuwa taa. Ukubwa wa taa ndio unaoamua ulaini wa kivuli. Jua ni kubwa mno, lakini kwa umbali wake ni kidoto tu angani, ndiyo maana vivuli vyake vina makali. Mlango ulio hatua moja kutoka kwako ni mkubwa kuliko uso wako mara nyingi, nuru yake inazunguka pua na kuingia chini ya nyusi. Majirani wameshaniuliza kwa nini chandarua kiko mlangoni mchana wakati mbu wanakuja usiku. Katika mwambao huu chandarua kimeshavua samaki, kimeshazungushiwa miche ya mboga, kimeshakuwa wavu wa goli. Kutumika kwenye picha si aibu kubwa.

Waliokulia katika kambi ya wakimbizi wanaijua nuru hii bila kufundishwa. Nyarugusu, ng'ambo mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kupokea watu waliovuka ziwa kutoka Kivu Kusini, na nyumba nyingi za mwanzo zilifunikwa turubai, bashe kama tunavyoliita. Mchana ndani ya bashe jeupe joto lilikuwa la kuchemsha mtu. Lakini nuru yake ilikuwa ya kitajiri: paa zima linawaka, kivuli hakuna, mikono ya mama anayechambua maharage inang'aa polepole kila inaposogea. Hakuna aliyekuwa na kamera humo ndani. Kamera ilikuwa nje, kwenye meza ya uandikishaji, na ilichotaka ni namba na masikio mawili. Kuanzia Oktoba 2005 meli zilipoanza kuwarudisha watu Baraka, wengi walirudi na bashe zao zimekunjwa chini ya magodoro. Ukienda kwa fundi wa picha leo ukauliza kitambaa cha kulainisha nuru, atakutajia bei ya Dubai. Sisi tulilala chini yake miaka.

Nikirudi chumbani: ukutani, nyuma ya mahali pa kukaa, kuna kikwembe cha rangi nzito. Hili wengi hunibishia, kwa sababu tumezoeshwa shuka jeupe. Kamera yoyote, hata ya simu, ina imani moja, kwamba dunia kwa wastani ni ya kijivu. Ikiona shuka jeupe limezunguka uso mweusi, inahukumu kwamba weupe umezidi na inapunguza nuru; shuka linatoka kijivu nadhifu, uso unatoka masizi. Ndiyo asili ya nyuso zisizotambulika kwenye kadi nyingi tunazobeba mifukoni. Askari wa kizuizi hukutazama, akatazama kadi, akakutazama tena, na wewe mwenyewe unaanza kuwa na mashaka. Dawa yake haina gharama: ondoa shuka, weka kikwembe cha giza au kaa mbele ya udongo usiopigwa chokaa, kisha bonyeza uso kwenye kioo cha simu na ushikilie mpaka kipimo kifunge hapo.

Upofu huu wa kamera ulitengenezwa na watu. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak ilizipelekea maabara za picha kadi yenye mwanamke mweupe, ambayo mafundi waliiita Shirley, ili wasawazishie rangi. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, kazi imekwisha. Filamu zilipokuja kurekebishwa zione kahawia nzito, miongoni mwa waliosikilizwa walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wauza samani, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitofautiani pichani. Meza za mbao zilipata haki kabla yetu. Na ilipofika zamu yetu, ilikuja kwa njia ya soko: simu za Tecno, Itel na Infinix, ambazo ndizo zimejaa mikononi mwa vijana wa Baraka, zote ni za Transsion, kampuni ya Shenzhen iliyoanzishwa mwaka 2006, na mojawapo ya hila zilizoipa wateja Afrika ilikuwa kufundisha kamera zake kusoma nyuso nyeusi. Naishukuru biashara hiyo kwa nusu mdomo. Simu hizo hizo huja na kitufe cha urembo kinachofuta vinyweleo na kupandisha weupe hatua mbili tatu, na usipokizima utajikuta umepigwa picha ya binamu yako ambaye hajawahi kufika Fizi.

Ngozi nyeusi ina namna yake ya kuonyesha umbo. Kwenye ngozi nyeupe mviringo wa shavu huonekana kwa jinsi nuru inavyofifia kidogo kidogo kuelekea kivulini. Kwenye ngozi yetu nuru inayozama ndani hairudi sana. Inayoonekana zaidi ni ile inayodunda juu yake. Kwa hiyo unapojipiga picha mlangoni, kilicholala kwenye shavu lako ni mlango wenyewe, umepindishwa na mfupa. Mlango mpana unaacha utepe mpana, unaoteremka kutoka kwenye paji hadi taya na kumweleza mtazamaji kila bonde lililo katikati. Flashi ya simu, ambayo ni nukta moja kali kando ya lenzi, inaacha doa jeupe kwenye paji na kuzima mengine yote. Tone la mafuta husaidia: lisugue kwanza viganjani mpaka karibu liishe, kisha papasa mfupa wa shavu na mgongo wa pua. Mafuta ya kujipaka, nasema. Mawese yaachwe jikoni, ingawa Fizi haina uhaba wake.

Umbali nao una maneno yake. Ukikaa karibu na mlango, hatua moja inabadili kila kitu: uso unawaka na ukuta wa nyuma unazama, kwa kuwa nuru hupungua haraka sana hapo mwanzo. Ukirudi ndani, uso na ukuta vinakaribia kuwa sawa, na picha inapoa. Upande wa kivuli unaweza kuegesha sinia la bati lirudishe nuru kidogo, au mfuko mweupe wa unga, ambao ni mpole zaidi. Mara nyingi nauondoa. Shavu la pili lina haki ya kubaki na giza lake, ilimradi jicho lake lionekane.

Jicho ndilo gumu, na Babembe wa huku Fizi walishalifikiria kabla kamera haijafika. Kinyago cha alunga, kile cha nyuso mbili kinachovaliwa kichwa kizima, kina mashimo makubwa ya macho yaliyochimbwa ndani na kupakwa weupe, na katikati ya weupe huo jicho lenyewe limechongwa. Baadhi ya vinyago hivyo viko katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, ndani ya makabati ya kioo, chini ya balbu zinazotoka juu. Wazee wanaojua kazi ya kinyago hicho hawakizungumzii ovyo, nami nitaishia kwenye nuru. Aliyekichonga alijua nuru ya juu hufanya nini kwenye tundu la jicho: hulijaza kivuli. Akaweka weupe mahali pale pale. Uso wa mtu ukipoteza macho saa sita mchana, uso wa kinyago ndipo unapoyafungua. Nimezitazama picha zake mara nyingi nikitafuta jambo la kuiba, na nimeiba hili moja: anza na jicho, vingine vitafuata.

Sisi hatujipaki udongo mweupe kwa ajili ya picha, kwa hiyo weupe wa jicho lazima uletwe na mlango. Nikikaa kwenye kigoda, chini, katikati ya mlango kunakuwa juu kidogo ya macho yangu, na nikigeuza uso kidogo kuelekea huko, ndani ya mboni kunatokea mstatili mdogo. Bila mstatili huo jicho linaonekana kama la samaki wa juzi. Ukikuza picha utauona mlango wote, chandarua kilivyolegea upande mmoja, na rundo jeusi la matofali lililoshikilia simu.

Natumia kamera ya nyuma ya simu, ambayo ni bora kuliko ya mbele, na naiweka mbali, zaidi ya urefu wa mkono. Lenzi iliyo karibu huvimbisha pua na kurudisha masikio nyuma. Ndiyo shida ya selfi, na watu wengi wamezichukia pua zao kwa kosa ambalo ni la umbali. Ila ukiiweka simu mbali unakutana na tatizo ambalo mpiga picha wa watu wengine hana: mahali unapopangia nuru hapana mtu. Kwa hiyo kwenye kigoda naweka bidoni ya njano, juu ya bidoni naweka chungu kilichozeekea jikoni. Chungu kinafaa kuliko kitu chochote nilichojaribu. Ni cha mviringo, ni cheusi, kina mng'ao wa mafuta ya miaka. Napanga nuru kwenye chungu, nafunga kipimo na fokasi kwenye chungu, naweka saa ya sekunde kumi, kisha nakiondoa na kukaa mahali pake. Katika simu yangu kuna picha za chungu nzuri kuliko zangu, na nyumbani wameshaambizana.

Sekunde kumi ni nyingi. Uso unaanza ukiwa wako, na kabla saa haijaisha umeshakuwa uso wa uandikishaji: kidevu juu, macho wazi, midomo imefungwa, shingo imenyooka ili afisa asirudie. Mwili unakumbuka foleni. Hakuna nuru inayoweza kutengeneza hilo. Kinachonisaidia ni kuongea. Kumkaripia mbuzi aliye nje, kwa mfano, au kubishana kwa sauti na mtu ambaye hayupo. Uso unaoongea unasahau kwamba unaandikishwa.

Kuna mtu aliyepita Fizi ambaye kazi hii aliijua vizuri, ingawa si picha iliyomleta. Aprili 1965 mwanamapinduzi Ernesto Che Guevara alivuka ziwa usiku akitokea Kigoma na kushuka Kibamba, akiwa amejipa jina la Kiswahili, Tatu. Alikaa kwenye milima hii hadi Novemba, vita vikamshinda, akaondoka kwa njia ile ile. Miaka kumi kabla ya hapo alikuwa akijipatia riziki Mexico City kwa kuwapiga watu picha mitaani. Na mwaka mmoja baada ya kutoka kwetu, Novemba 1966, akiwa La Paz katika chumba cha Hoteli Copacabana, nywele za utosini zimeng'olewa na ndevu zimeondolewa, alijipiga picha kwenye kioo. Naielewa picha hiyo kuwa ni jaribio: alitaka kuona kama bado anaonekana. Alijipiga ili ahakikishe kwamba hatambuliki.

Sasa mweke kando ya Samuel Fosso. Alizaliwa Cameroon mwaka 1962, akalelewa Nigeria kwa babu na bibi, na baada ya vita vya Biafra akachukuliwa na mjomba wake hadi Bangui, kwa jirani zetu wa kaskazini. Mwaka 1975, akiwa na miaka 13, alikuwa ameshafungua studio yake. Mchana alipiga wateja. Jioni, filamu ikiwa imebaki na pozi chache, alijipiga mwenyewe kwa taa zile zile, akampelekea bibi yake Nigeria aone kwamba mjukuu yuko hai na anavaa vizuri. Dunia ya sanaa ilikuja kuzigundua picha hizo miaka mingi baadaye na kuzipa maneno makubwa. Mwaka 2014, katika machafuko ya Bangui, nyumba yake iliporwa, negativu zikatupwa nje, na waandishi wa picha waliokuwepo wakaziokota. Kwetu mwaka 1996, watu walipovuka ziwa, hapakuwa na wa kuokota. Ndiyo maana nyumba nyingi za Baraka hazina uso wa mtu yeyote uliotangulia mwaka huo, na watu hubishana kama babu alikuwa na mwanya au hakuwa nao.

Nafikiri kila anayejipiga picha nyumbani anasimama mahali fulani kati ya watu hawa wawili, wa La Paz na wa Bangui. Nuru ndiyo inayosema uko karibu na nani. Mwenye kujificha hutafuta nuru inayomfanya awe yeyote yule; mwenye bibi hutafuta ile itakayomfikisha.

Usiku ni wa wavuvi. Mwezi ukiwa umefifia utaziona taa zao ghubani zimepangana mpaka uhesabu uchoke. Mwezi mpevu ukiwaka wanapumzika, kwa kuwa ndagala hawakusanyiki kwenye taa wakati anga lote ni taa. Zamani walitumia karabai, sasa ni balbu za LED na betri. Mvuvi anajua mambo ambayo vitabu vya picha huyaeleza kwa hesabu: akiinua taa, duara la nuru juu ya maji linapanuka na kufifia, akiishusha, linajikusanya na kuwa kali. Nimeazima balbu ya namna hiyo na betri yake, nikaigeuzia ukutani badala ya usoni. Nuru inayodunda kwenye udongo hurudi imebeba rangi ya udongo, na ule weupe wa hospitali unaondoka. Kwa picha ya usiku sijapata kitu bora zaidi. Mwenye balbu huitaka kabla ya saa tatu. Samaki hawasubiri sanaa.

Nimesifu kivuli kiasi kwamba ni haki niwape nafasi wapiga foto wa mjini, ambao hawakitaki. Ingia studio yoyote ya Baraka. Taa mbili mbele, zote kamili. Nyuma, bango la jumba la ghorofa lenye maua na gari. Mteja amesimama wima kutoka utosini hadi viatuni. Wasomi wa picha huiita nuru hiyo bapa. Mimi nadhani ni ya adabu. Mteja amekuja na viatu vipya, na viatu vinapaswa kuonekana; amekuja na mke, na mke hawezi kuachwa nusu gizani bila ukoo kuuliza kuna nini. Seydou Keïta kule Bamako alifanya kazi yake kubwa kwa nuru ya mchana uani, na hakumwibia mteja saa yake ya mkononi, wala pindo la gauni. Studio za Unguja na Mombasa za kizazi hicho nazo zilitunza vitambaa na vito kwa uangalifu huo huo. Yule anayesema picha nzuri lazima imezwe na giza mara nyingi ni mtu ambaye usiku kwake huisha akigusa ukuta. Giza la picha ni anasa ya mwenye swichi. Katika mji ambao nyumba nyingi huhesabu taa kwa chaji iliyobaki kwenye betri, kuwasha zote mbili kwa ajili ya uso wako ni heshima, na heshima hulipiwa.

Nalijua hilo, na bado kila asubuhi yenye anga safi natundika chandarua changu na kufunga dirisha. Nina sababu yangu. Nimeshaonekana mzima mzima mara nyingi, mbele na pembeni, na namba kifuani. Nuru ya upande mmoja inaniruhusu kumwonyesha mtu kiasi ninachotaka mimi.

Hivi karibuni nilimtumia shangazi yangu picha moja ya namna hiyo. Yeye yuko Marekani, alihamishiwa huko akitokea kambini. Ilikuwa ya kifuani kwenda juu, shavu la kushoto likiwa na utepe wa mlango, la kulia limezama, jicho lake linaonekana. Niliiona kuwa nzuri. Kabla ya jioni nilipokea sauti yake, na nyuma ya sauti yake nilisikia watu wengine wa nyumbani wakichangia.

"Wewe mutoto, mbona uko mu giza? Sola imekufa?"

Kumbe picha ilikuwa imeshazunguka kwenye kundi la familia, kutoka kwake hadi kwa kaka zangu na mama wadogo waliotawanyika, na mchango wa kuninunulia betri mpya ulikuwa umeshaanza. Mmoja alikuwa ameahidi, mwingine anasubiri mshahara. Nikampigia. Nikamweleza kwa heshima, kwa urefu, kwamba betri ni nzima, kwamba dirisha nililifunga mwenyewe, kwamba hilo giza nililipanga. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, nimesikia," akasema. "Na viatu viko wapi?"